Adelina Alivyoijua Hadithi ya Kutisha

Msiba wa Adelina uliwekwa Mkuyuni, nyumbani kwa mwanawe mkubwa, kabla hawajamsafirisha kwa meli kwenda kuzikwa kwao Bukoba. Viti vya sebuleni vilikuwa vimetolewa nje, sisi wanawake tukakaa chini kwenye mikeka, migongo ukutani, na kila aliyeingia alianza upya kilio ambacho wengine tulikuwa tumekwisha kukituliza. Mchana, wali na maharage ulipokuwa ukigawiwa, kijana mmoja mwalimu wa sekondari alinifuata mlangoni, akainama kunisalimu. "Shikamoo mama. Nimeambiwa mlisoma naye chuoni Butimba." Nikaitikia. Akaniambia kwamba alizisoma hadithi zote za Adelina, zile za magazetini na zile za vitabu vidogo, na kwamba alipokuwa shule ya bweni alizisoma hadi akashindwa kwenda msalani peke yake. Sasa alitaka kuandika kidogo juu yake. "Aliyatoa wapi yale majini, mama?" Nikamwambia hadithi za Adelina hazina majini, azitazame tena. Akafikiri kidogo, akakubali. "Basi ni nini kinachozifanya zitishe namna ile?" Nilikuwa na jibu, lakini sahani zilikuwa zinanipita, na jibu lenyewe lilikuwa refu. Nikamwahidi siku nyingine. Naliandika hapa, kwa sababu katika umri wangu siku nyingine si kitu cha kuahidi.

Bweni letu lilikuwa chumba kirefu chenye vitanda vya chuma, na madirisha yake yalitazama mlima wa mawe. Ulikuwa mwaka wa unga wa njano, ule tulioubatiza yanga, na kila jioni tulirudi kutoka bwaloni na ladha yake mdomoni, tumeshiba bila kuridhika. Kabla ya taa kuzimwa kulikuwa na muda mfupi usio wa mtu, na muda huo ulikuwa wa Adelina. Alikuwa msichana mrefu, mtulivu, Mlutheri wa kusali kabla ya kila kitu, na nadhani alisali hata kabla ya kututisha. Hakupandisha sauti. Hakutoa macho. Alituambia habari za mwanamke aliyerudi kutoka sokoni, akapiga hodi nyumbani kwake mwenyewe kwa mazoea tu, maana anaishi peke yake na funguo anazo mkononi. Kutoka ndani sauti ikamjibu, karibu. Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Hapo Adelina alinyamaza, akaanza kukunja shuka lake, nasi wasichana wakubwa tunaojiandaa kuwa walimu wa taifa tukavuta miguu juu ya vitanda.

Mwalimu wetu wa fasihi, Mwalimu Mafuru, alipata habari za hadithi hizo. Alikuwa Mjita mwembamba, shati lake limepigwa pasi hata siku ya kulima shamba la chuo, na hakuna aliyejua kama anakupenda au amekuchoka. Siku moja aliingia darasani, akaandika ubaoni: Nini hufanya hadithi iwe ya kutisha? Mwanafunzi mmoja aliyependa siasa alisimama, akasema hadithi hizo ni kasumba, zinaeneza ushirikina wakati wananchi wanajenga ujamaa, na huyo ndugu anayezisimulia bwenini angefaa kuzungumzwa kwenye kikao. Nilimwona Adelina akishika ukingo wa dawati. Wakati ule kuzungumzwa kwenye kikao hakukuwa jambo dogo. Watu walirudishwa kwao kwa makosa mepesi kuliko hilo. Mwalimu Mafuru akamsikiliza hadi mwisho. "Umejibu swali la kama ni nzuri," akasema. "Mimi nimeuliza ni nini. Kaa." Wengine tukajaribu. Ni hadithi yenye mzimu. Akasema mizimu mingi inachekesha. Ni hadithi yenye damu. Akasema basi bucha ya Mkuyuni ni fasihi. Ni hadithi inayomtia mtu hofu. Akatutazama. "Simba akiingia hapa sasa hivi mtaogopa. Mtaruka madirisha. Hiyo ni hofu, lakini hakuna aliyesimulia kitu." Adelina akaulizwa. Akasema hajui, yeye husimulia tu. "Basi kajue," akasema Mwalimu Mafuru. "Mnakwenda mazoezi ya kufundisha. Ukirudi, utatusomea insha juu ya swali hilo mbele ya wote, na kikao kitaamua baada ya hapo."

Mimi na Adelina tulipangiwa kijiji kimoja ng'ambo ya Busisi, ambacho sitakitaja jina kwa sababu watoto wa watu wale bado wanaishi pale. Tulivuka ziwa kwa kivuko, tukapanda lori la pamba, tukamalizia kwa miguu. Kijiji kilikuwa kipya. Watu waliozoea kuishi mbalimbali, kila familia katika mji wake wenye uzio wa minyaa, walikuwa wameletwa pamoja na kupangwa kwa mistari, na sasa kila mtu alisikia kikohozi cha jirani na kuona moshi wa jiko lake. Nyumba ya walimu ilikuwa kuta tupu zinazosubiri bati. Mwenyekiti wa kijiji akatupeleka kwa mjane mmoja, Bibi Kwandu, aliyekuwa na chumba cha ziada.

Chumba hicho nakikumbuka kuliko vyumba vingi nilivyolala baadaye. Kitanda cha kamba, sakafu iliyopakwa samadi ikanyooka kama ubao, mtungi wa maji pembeni, na kidirisha kidogo kilichotazama nyumba ya jirani. Upande wa pili wa ukuta ndiko Bibi Kwandu alikopika, na kwa kuwa miti ilikuwa imekwisha eneo lile, alipikia mavi ya ng'ombe yaliyokauka. Moshi ule ulikuwa mzito, wa kuuma. Macho yake yalikuwa mekundu daima, kope zimevimba, machozi yanamtoka hata akicheka. Kiswahili chake kilikuwa salamu tatu nne. Mimi Kisukuma nakisikia, maana nilikua Mwanza nikicheza na watoto wa Kisukuma, ila kukisema nilikuwa mzito, na kijijini nilizungumza Kiswahili tu. Adelina hakujua hata neno. Mchana tulikula michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa pamoja na karanga, jioni ugali wa udaga, yaani wa muhogo, na furu wakavu, na Bibi Kwandu alitusogezea samaki wakubwa bila kusema, kisha yeye akala mchuzi.

Jirani wa dirishani aliitwa Ndaki. Alikuwa baba wa makamo, mcheshi, mwenye baiskeli aliyoipenda kama mtoto. Siku tulipofika alileta kibuyu cha maziwa mgando, akasema walimu wa mjini lazima wanenepe. Kila baada ya siku chache alikileta tena. Alimfundisha Adelina kusalimia, mwangaluka asubuhi na mwadila jioni, akacheka alipokosea, akamcheka hadi Bibi Kwandu naye akacheka. Binti yake alikuwa darasani kwangu, darasa la pili, mtoto wa kukaa mbele na kuinua mkono kabla swali halijaisha.

Kisha surua ikaingia. Ilianza upande wa juu wa kijiji, ikashuka nyumba kwa nyumba kwa ule mstari ulionyooka. Darasani nafasi zikaanza kuonekana kwenye mabenchi. Binti ya Ndaki alikufa mchana, watoto wenzake wakiwa wanaimba tebo za kuzidisha, na kilio kilipofika shuleni walinyamaza mmoja mmoja bila kuambiwa. Tulikwenda kuzika. Bibi Kwandu alikwenda pia, akakaa na wanawake, na nikaona kitu ambacho sikukielewa siku hiyo: mkeka ulikuwa mpana, watu wamebanana, lakini pande zote mbili za Bibi Kwandu palikuwa wazi.

Ndaki aliondoka na baiskeli yake, akakaa huko siku kadhaa. Watu walisema amekwenda kwa mganga mbali. Aliporudi alikuwa amepoa. Alitusalimia vizuri. Maziwa aliyaleta kama kawaida, ila hakukaa kuzungumza.

Nilisikia habari yenyewe kwenye lambo, bwawa la ng'ombe tulikochota maji sote. Nilikuwa nimeinama najaza ndoo, na wanawake wawili nyuma yangu walikuwa wakizungumza Kisukuma kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya kuulizana bei ya chumvi. Mmoja alisema macho yale hayawi mekundu kwa moshi tu, moshi tunao wote. Mwingine akasema mganga ameonyesha, na wanaume wamekubaliana, ni Jumamosi. Yule wa kwanza akauliza, na wale walimu je? Akajibiwa, "Wataambiwa waende Busisi gulioni. Ni watoto wa watu, hawana kosa." Kisha akaniita kwa Kiswahili, kwa upole, "Mwalimu, leta nikutwishe." Akanitwisha ndoo kichwani, akanirekebishia na kata isiteleze. Nikamshukuru. Nilitembea hadi nyumbani bila kumwaga tone, kwa sababu niliogopa kwamba likimwagika watajua nimesikia.

Nilimweleza Adelina chumbani, kwa kunong'ona, huku Bibi Kwandu akipuliza moto upande wa pili wa ukuta. Adelina alidhani sijasikia vizuri. Alinitaka nirudie neno kwa neno. Nilipomaliza alikwenda kwenye kidirisha, akatazama nje. Nikamuuliza anaogopa? "Naogopa vibaya," akasema. "Na hakuna kitu cha kutazama. Angalia. Mtu anasafisha baiskeli." Kweli, Ndaki alikuwa amekaa kivulini, anapaka mnyororo mafuta.

Jioni hiyo hiyo alikuja. Alipiga hodi, akakaa kwenye kigoda, akanawa, akala nasi. Walikula sahani moja, yeye na Bibi Kwandu, mikono yao ikipishana kwenye ugali. Nilitazama mkono ule. Ulimega tonge, ukachovya, ukasubiri mkono wa bibi utoke, kama adabu inavyotaka. Kisha akatuambia kwa Kiswahili, "Walimu, Jumamosi kuna gulio kubwa Busisi. Kuna vitenge vizuri. Mngekwenda." Adelina akasema tuna madaftari ya kusahihisha. Ndaki akatikisa kichwa taratibu. "Nendeni. Mkikosa lori la kurudi, laleni huko huko. Itakuwa vizuri zaidi." Hakutukazia macho. Alikuwa akituombea mema kabisa.

Kesho yake tulikwenda kwa mwenyekiti. Alitupokea ofisini, chini ya picha ya rais, akatusikiliza bila kutukatiza. Nilipomaliza alisema, "Mwalimu, katika kijiji cha ujamaa hakuna uchawi." Nikamwambia sisi tunajua hakuna, lakini kuna watu watakaoua. "Nikiandika taarifa kwamba mtu anatuhumiwa uchawi," akasema, "nimekubali kwamba uchawi upo kijijini kwangu. Kwa hiyo hakuna taarifa. Na kama hakuna taarifa, hakuna tatizo." Alikuwa anatokwa jasho. Alitusindikiza hadi mlangoni, na hapo, akitazama pembeni, akasema kwa sauti ya chini kwamba gulio la Busisi huwa zuri kweli.

Tulibaki na Ijumaa nzima. Sijui siku ndefu kuliko hiyo. Tulifundisha, tukasahihisha, tukaitikia salamu. Nilipendekeza tumtoroshe Bibi Kwandu gizani, kwa njia ya mashamba. Adelina akakataa. Alisema anayejificha amekwisha kukubali kwamba anawindwa, na atakayetukuta kichakani atakuwa peke yake na sisi, hana aibu ya kumzuia. "Mchana," akasema. "Katikati ya njia. Kila mtu atuone na atusalimie." Sauti yake ilikuwa ile ile ya bwenini, ya kukunja shuka, lakini mikono yake alikuwa ameikalia. Bibi Kwandu tulimwambia tu kwamba tunampeleka Mwanza hospitali, macho yatibiwe. Nilimwambia kwa Kisukuma changu kibovu. Alinitazama kwa muda, akasikia kwamba muda wote nilikuwa nakijua. Akaanza kufunga kanga zake. Alifunga na sufuria, na jembe, na kibao chake cha kukalia. Mtu anayekwenda kutibiwa macho habebi jembe.

Asubuhi tulitoka jua likiwa limeshapanda. Bibi Kwandu katikati, Adelina kulia, mimi kushoto. Mstari wa nyumba ulikuwa mrefu, umenyooka, na mbele ya kila nyumba palikuwa na mtu. Hakuna aliyekuwa na kazi mkononi. Adelina alianza kusalimia. Mwangaluka, mwangaluka, kwa matamshi yake mabaya, kila nyumba, akitaja majina aliyoyajua, akieleza kwa Kiswahili cha sauti kubwa kwamba bibi anakwenda hospitali. Salamu ni lazima kuitikiwa. Ndivyo watu wale walivyolelewa, nao wakaitikia. Kila aliyeitikia alionekana kama mtu aliyevuliwa kitu. Nilisikia hatua nyuma yetu, na tairi ya baiskeli ikisaga kokoto. Sikugeuka. Hatua zilitufikia, na Ndaki akawa anatembea sambamba na mimi, anasukuma baiskeli. Kwenye kiti cha nyuma alikuwa amefunga panga kwa mpira, kama wanaume wote wanaokwenda shamba. Akanyoosha mkono, akauchukua mzigo wa Bibi Kwandu kutoka kichwani kwangu. Akauweka juu ya panga, akaukaza kwa mpira ule ule, akaendelea kutembea.

Alitembea nasi hadi barabara ya lori. Lori lilipokuja aliupandisha mzigo, kisha akampandisha Bibi Kwandu mwenyewe, akimshika kwapani kama mtu anavyompandisha mama yake. Akanigeukia. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyelia usiku wote. "Mwalimu," akasema, "msimrudishe." Hadi leo, na hata pale msibani nikiwa na sahani mkononi, sijajua kama alikuwa anatutisha au anatuomba. Adelina alisema siku zote kwamba ni yote mawili, na kwamba Ndaki mwenyewe hakujua.

Tulimfikisha Bibi Kwandu Mkuyuni kwa shangazi yangu, na Jumatatu tukarudi kijijini. Watu huniuliza kwa nini. Mazoezi yalikuwa hayajaisha, na tusingefaulu bila kuyamaliza. Pia tulikuwa na watoto wanaotungoja darasani. Tulilala katika nyumba ile wiki zilizobaki. Hakuna aliyetudhuru. Hakuna aliyemtaja bibi. Wanawake wa lambo walinitwisha ndoo. Na siku ya tatu Ndaki alikuja na kibuyu cha maziwa, akakiweka kizingitini, akauliza kama walimu wameamka salama. Adelina akakipokea kwa mikono miwili. Tulikaa na kibuyu kile katikati yetu kwa muda. Kisha tukanywa. Yalikuwa maziwa mazuri, kama yalivyokuwa siku zote, na sijawahi kuogopa kinywaji namna ile maishani mwangu.

Chuoni, Adelina aliisoma insha yake. Ilikuwa fupi na hakutaja kijiji. Alisema hadithi ya kutisha haianzi na kitu cha ajabu, inaanza na kitu unachokitegemea: nyumba, chakula, jirani, sauti yako mwenyewe. Kitu hicho kinageuka bila kubadilika sura, na msikilizaji anaona kabla ya yule aliyemo ndani, na hawezi kumwita. Simba hatishi, alisema, kwa sababu simba hajawahi kuahidi kitu. Yule mwanafunzi wa siasa hakusimama. Mwalimu Mafuru alivua miwani, akaifuta kwa shati lake lililopigwa pasi, jambo ambalo hatukuwahi kuliona. "Nakubali," akasema. "Na kikao hakitakuwapo. Ila ndugu Adelina, kama hiyo ndiyo hadithi ya kutisha, niambie kwa nini mtu mwenye akili timamu aombe kusimuliwa." Adelina akasema hilo hajui. Tangu turudi alikuwa hajasimulia hata moja. Bwenini walimwomba, akasema amechoka. Nilijua kwamba ameacha, na kwamba hakukusudia kurudia.

Bibi Kwandu alitibiwa. Hospitali walisema ni moshi na ugonjwa wa vikope, wakampa dawa ya kupaka, na baada ya muda macho yake yakawa meupe kama ya mtu yeyote. Alizoea Mkuyuni. Alilima kishamba kidogo nyuma ya nyumba ya shangazi kwa jembe lake, akajifunza kugombana na wauza nyanya kwa Kiswahili. Aliishi pale miaka mingi, akafa kwa uzee, kitandani. Kuhusu kijiji hakuzungumza nami ila mara moja, aliposema binti ya Ndaki alikuwa mtoto mzuri.

Lakini nataka kumwambia yule kijana wa msibani habari za Jumapili moja, mwisho wa mwaka ule. Adelina alikuja kutusalimu baada ya kanisa. Tulikaa uani, shangazi anachambua mchele, watoto wa majirani wamejaa, na mmoja wao aliyesikia sifa zake akamwomba hadithi ya kutisha. Adelina akakataa. Bibi Kwandu akaniuliza mtoto anataka nini, nikamwambia, naye akasema, kwa Kiswahili chake kipya, "Simulia." Adelina akanitazama. Akaanza, taratibu, kwa kusitasita, habari ya mwanamke anayevuta kamba kisimani, na ndoo inapanda nzito kuliko maji, na kutoka chini anasikia kitu kinapumua. Nilikuwa namtafsiria Bibi Kwandu sikioni. Nilipofika kwenye pumzi nikanyamaza. Niliona aibu. Nilijiuliza tunamfanyia nini mama huyu, aliyewahi kufunga sufuria na jembe lake huku anajua. Nikatazama uso wake. Alikuwa amejifunika kanga hadi puani, macho yamemtoka, mabega yamepanda, na alikuwa anacheka. Alicheka kama watoto waliomzunguka, kwa hofu tupu na raha tupu, amekaa salama uani mchana kweupe. Akanifinya mkono. "Mbona umenyamaza? Kuna nini ndani ya ndoo?"

Nikamuuliza Adelina kwa niaba yake. Adelina alikuwa anamtazama bibi, na machozi yalikuwa yanamshuka, lakini sauti yake ilikuwa imerudi, ile ya chini, isiyo na haraka.

"Mwambie," akasema, "bado haijafika juu."